Nyie mnaotuandikia maandiko ya miradi hapa Mbeya, chati zenu zinatukosesha mikopo

Wakuu, nina hasira na sitazunguka.

Sisi ni kikundi cha vijana Igurusi. Tunanunua mpunga wakati wa mavuno bei ikiwa chini, tunahifadhi, tunakoboa na kuuza mchele kuanzia Desemba bei ikishapanda. Basi. Tukaomba mkopo wa halmashauri, ule wa asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambao vijana tumetengewa 4. Tukaambiwa tulete andiko. Tukachangishana, tukamlipa "mtaalamu" wa mjini.

Andiko limekataliwa. Jalada lina picha ya Wazungu wenye suti wanapeana mikono. Ndani kuna chati ya duara iliyolazwa na kunenepeshwa ubavu, kiasi kwamba kipande cha mbele kinaonekana kikubwa kuliko cha nyuma, wakati cha nyuma ndicho chenye namba kubwa. Jumlisheni wenyewe: 45, 35 na 30. Asilimia 110! Chati ya nguzo ya faida nayo haianzii sifuri, inaanzia milioni 8, hivyo faida kutoka milioni 9 kwenda 10 inaonekana imeongezeka mara mbili. Afisa aliliona hilo palepale, akatuuliza kwa nini tunataka kumdanganya. Vijana wanaoamkia shambani wanaitwa matapeli kwa sababu ya mtu aliyetaka nguzo zipendeze!

Na rangi. Wajumbe wa kamati wanasoma fotokopi nyeusi na nyeupe, kila mtu anajua. Nyekundu na kijani zote zimetoka kijivu kilekile, hujui kipi ni mtaji na kipi ni usafiri.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba chati moja tu tuliyoihitaji haimo. Bei ya gunia mwezi kwa mwezi, mstari mmoja unaoshuka wakati wa mavuno na kupanda mwisho wa mwaka, na juu yake kichwa kinachosema wazi: "Tukihifadhi hadi Desemba tunauza kwa bei nzuri." Daftari la bei tulimpa mkononi! William Playfair wa Scotland alichora mistari ya bidhaa zinazoingia na kutoka Uingereza mwaka 1786 ili msomaji aone pengo kwa jicho. Pengo letu ndilo biashara yenyewe, na huyu bwana amelizika katika jedwali la ukurasa wa 23, baada ya kurasa tatu za historia ya kilimo Tanzania ambazo hakuna afisa aliyeziomba. Ukurasa wa 12 unataja kuku wa mayai. Hatufugi kuku!

Msituambie andiko nene ndilo linaloheshimika. Ombi la fedha linatakiwa kusema kwenye ukurasa wa kwanza tunaomba kiasi gani, tutakifanyia nini na tutarejesha lini.

Nimemdai arudishe hela au aandike upya, hapokei simu. Nyie wengine mnaofanya kazi hii Mwanjelwa, Kabwe, Uyole, njooni hapa mjibu: huwa mnamuuliza mteja biashara yake inaingizaje pesa kabla hamjafungua kompyuta?