Majibu ya Baba yametoka

Kaka: Shikamooni wazee. Majibu ya kile kinyama alichotolewa Baba kichwani yametoka. Kuna mstari unasema "MGMT: imemetilishwa". Daktari tutamwona Alhamisi. Dada, hilo neno nilielewe vipi?

Shangazi: Marahaba mwanangu. Ina maana kimeharibika kingine tena? Ee Mola, kaka yangu!

Dada: Shangazi, shikamoo, usilie. Huo ndio mstari mzuri kuliko yote kwenye hiyo karatasi.

Dada: MGMT ni jeni ya ukarabati. Temozolomaidi, dawa ya saratani atakayopewa Baba, inaua seli ya saratani kwa kutia jeraha kwenye vinasaba vyake, na MGMT huja kulifuta. Ya Baba imezimwa. Ndiko kumetilishwa huko: vialama vya kikemikali vimekaa pale inapoanzia kusomwa, basi haisomeki, ingawa yenyewe haijabadilika hata herufi moja. Dawa ikipiga, jeraha linabaki.

Baba Mdogo: Na IDH, ile jeni nyingine? Wameandika haina mabadiliko. Hiyo si nzuri zaidi?

Dada: Hapana, Baba Mdogo. Kwa uvimbe wa aina hii, wenye mabadiliko ya IDH ndio huishi muda mrefu zaidi. Baba hana, ndiyo maana wameuita glioblastoma, saratani ya ubongo. Ni mkali, sitawaficha.

Kaka: Muda gani? Sema tu.

Dada: Utafiti wa 2005 uliowapa watu mionzi pamoja na temozolomaidi: ambao MGMT yao imezimwa, 46 kati ya 100 walikuwa hai baada ya miaka 2. Ambao haikuzimwa, kama 14 tu. Lakini hiyo ni hesabu ya kundi. Umri, uvimbe ulivyotolewa na nguvu za mgonjwa navyo vinahesabika.

Mama: Leo kamaliza kikombe kizima cha uji. Na kaniuliza redio yake iko wapi.

Dada: Alhamdulillahi, Mama! Hizo ndizo nguvu ninazosema. Kapsuli za temozolomaidi ameze tumbo likiwa tupu, asizifungue wala kuzitafuna. Dawa ya kuzuia kutapika itangulie. Mionzi ni Jumatatu hadi Ijumaa, wiki 6.

Baba Mdogo: Jumatatu na Jumanne nampeleka mimi.

Shangazi: Jumatano na Alhamisi niandikeni.

Kaka: Ijumaa yangu.

Mama: Redio nimeipata uvunguni. Anasikiliza taarifa ya habari.