Mjadala: Mbio ndefu zikataze dawa za maumivu, au kila mtu na figo zake?

Mleta mada
Wadau, naomba tujadili bila matusi. Asubuhi ya marathoni, pale kwenye mstari wa kuanzia, utaona watu wanagawana diklofenaki, dawa ya maumivu, kama pipi. Mtu anameza mbili, nyingine anaitia mfukoni ikamsubiri kilomita ya 30. Msimamo wangu: waandaaji wazikataze. Mbio za UTMB, zile za kuzunguka Mont Blanc, tayari kanuni zake za afya haziruhusu dawa za jamii hiyo mbioni.

Sizungumzii udanganyifu, nazungumzia figo. Ukikimbia saa nne, damu nyingi inakwenda kwenye misuli na ngozi, figo zinabaki na kidogo. Hapo zinajiokoa kwa prostaglandini, kemikali inayotanua mishipa ya kuziletea damu. Sasa diklofenaki na ibuprofeni zinatuliza maumivu kwa kuzuia kemikali hiyohiyo isitengenezwe. Na kumbuka misuli nayo inachanika, inamwaga myoglobini, protini ya misuli, kwenye damu, na wa kuichuja ni figo hizohizo.

Mkimbiaji wa Tegeta
Mkuu, unatisha watu bure. Mwaka 2015 watafiti walipima wakimbiaji 22 wa marathoni ya Hartford, Marekani. Asilimia 82 walikutwa na jeraha la figo la hatua ya kwanza au ya pili, na baada ya siku mbili vipimo vilikuwa vimetulia. Kilichowaumiza ni mbio zenyewe! Ukitaka kukataza kinachosumbua figo, kataza marathoni kwanza, halafu turudi kwenye vidonge.

Tena kreatinini, ile taka ya damuni inayopimwa kujua figo zinachuja vipi, inatoka kwenye misuli. Misuli ikifanya kazi kubwa, lazima ipande. Mnaita ugonjwa kitu ambacho ni uchovu tu.

Dada wa maabara
Kaka wa Tegeta, hapo kwenye kreatinini una hoja, lakini umeisoma nusu. Wale hawakuishia kwenye kreatinini. Mkojo ulitazamwa kwa hadubini, na karibu robo tatu yao walikuwa na dalili za kuumia kwa vijifereji vya ndani ya figo. Uchovu hauachi alama hiyo.

Ngoja niwaeleze tunachokiona sisi. Analetwa mtu katoka mbio, mapaja yamekakamaa, mkojo rangi ya Coca-Cola. Unachovya kijiti, sehemu ya damu inageuka kijani kibichi. Unaweka tone chini ya hadubini kutafuta chembe nyekundu: hakuna, au mbili tatu. Ile si damu, ni myoglobini. Kijiti hakijui kuvitofautisha. Hapo ndipo unaomba kipimo cha kreatini kinasi, CK, kimeng'enya kinachovuja msuli ukiumia. Kwa mtu aliyepumzika huwa chini ya takribani 200. Baada ya marathoni kufika maelfu ni jambo la kawaida, na wengi hawapati shida yoyote. Kwa hiyo namba peke yake isimtishe mtu. Mkojo mweusi, au kutokojoa kabisa, ndiyo safari ya hospitali, na siku hiyohiyo.

Mkimbiaji wa Tegeta
Sawa dada, nimekuelewa. Lakini bado sijaona kidonge kimeingiaje.

Mfamasia
Kimepimwa. Mbio za kilomita 80 kwa siku, wakimbiaji 89, nusu wakapewa ibuprofeni ya miligramu 400 kila baada ya saa nne, nusu vidonge visivyo na dawa. Majibu yalitoka 2017: jeraha la figo asilimia 52 kwa waliomeza dawa, 34 kwa wengine.

Ila niseme ukweli, maana mleta mada ataishika hii namba aikimbize nayo: kwa watu wachache hivyo, tofauti ile bado ingeweza kuwa ya bahati. Mimi inanitosha kumwambia mteja "usimeze." Sidhani inatosha kumfuta mtu kwenye matokeo.

Kocha wa jogging, Mbagala
Nyie wasomi, nani atamkagua nani? Shirika la kupambana na dawa michezoni, WADA, halijazikataza hizo dawa. Tramadoli, dawa kali zaidi ya maumivu, ndiyo imekatazwa wakati wa mashindano tangu Januari 2024. Huku mtaani diklofenaki unaipata dukani bila cheti. Mtu ataimeza nyumbani kwake kabla ya kupanda daladala.

Na mnaacha mambo makubwa zaidi. Vijana wangu wanajua kupanda tu, mteremko hawaufanyii mazoezi. Waulizeni wanaokimbia Comrades kule Afrika Kusini, kilomita kama 90, mwaka wa kushuka kuelekea Durban: mapaja ndiyo yanaisha, maana msuli unavutwa huku unakaza. Halafu kuna selimundu. Wanajeshi weusi wa Marekani wenye kinasaba kimoja cha selimundu walikuwa na hatari ya misuli kuvunjika zaidi kwa asilimia 54 kuliko wasio nacho. Kanda ya Ziwa wenye kinasaba hicho ni wengi. Klabu gani inauliza?

Hata maji: "kunywa sana" si dawa. Marathoni ya Boston 2002, kati ya wakimbiaji 488 waliopimwa, asilimia 13 sodiamu, yaani chumvi ya damuni, ilikuwa imeshuka, na walioongoza ni wale walioongezeka uzito njiani kwa kunywa kupita kiasi.

Mleta mada
Kocha, kwenye ukaguzi umenibana, sina jibu la mtu aliyemeza nyumbani kwake. Basi nipunguze dai: hema la huduma ya kwanza lisimpe dawa hizo mtu ambaye bado anakimbia, wauza dawa wasiwe na meza kwenye uwanja wa kuchukulia namba, na fomu ya kujiandikisha iulize selimundu na figo. Hilo nalo utasema haliwezekani?

Kocha wa jogging, Mbagala
La hema nakubali. La fomu, watu watadanganya ili wapate medali. Ila weka tu, mimi wangu nitawajazisha mbele yangu.