Tupeane uzoefu: pointi za form six na kuingia chuo (Unguja na Pemba)

Bi_Mchangamdogo: Assalaam aleikum. Kila matokeo yakitoka tunapongezana kwa divisheni, halafu maombi ya chuo yanagonga mwamba. Wanaozijua hesabu hizi wamwage namba. Nasaha tunazo za kutosha.

Mwalimu_Wete: Waaleikum salaam. Hesabu ni mbili, na zinakwenda kinyume. NECTA (Baraza la Mitihani): A ni 1, B 2, C 3, D 4, E 5, S 6, F 7. Jumlisha masomo matatu ya kombi (mchepuo wako). 3 hadi 9 ni Div I, 10 hadi 12 Div II, 13 hadi 17 Div III. TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) wanazigeuza: A 5, B 4, C 3, D 2, E 1, S nusu. Kima cha chini cha digrii ni prinsipo (pasi za A hadi E) mbili zenye jumla ya 4. GS (General Studies) haihesabiwi.

Sasa chukua wanafunzi wawili wa PCB (Fizikia, Kemia, Baiolojia). Mmoja ana D tatu. Mwengine Fizikia E, Kemia D, Baiolojia C. Wote Div II ya 12, wote 6 za TCU. Udaktari unataka 6 na D au zaidi katika kila somo, kwa hiyo wa pili hana sifa. E inaishia 49, D inaanzia 50! Muda wa ziada upelekeni kwenye somo linaloning'inia, msiupoteze kuipandisha B iwe A.

Maabara_Tu: Na msidharau praktiko. Karatasi ya tatu ya masomo hayo ni alama 50, mbili za nadharia ni 100 kila moja. Alama zinamwagika kwenye jedwali: bureti (mrija wa kupimia kimiminika) inasomwa kwa desimali mbili, 24.50, ukiandika 24.5 umeshapoteza. Jaribio la kwanza la kukadiria haliingii kwenye wastani. Vipimo (cm³, g) viandikwe juu ya safu.

Kijana_Mkoani: Mwenye A, C na F je?

Mwalimu_Wete: 1+3+7 ni 11, Div II. TCU ana 8 kwa prinsipo mbili. Anaomba, mradi masomo hayo mawili ndiyo yaliyotajwa kwenye sifa za kozi.

Bint_Tunguu: Kwa form four huku kwetu kuna mtego. Cheti na diploma nyingi zinataka pasi nne zisizo za dini. Mwenye D za Kiswahili, Kiarabu, Baiolojia na Dini ana tatu tu. Somo la Hesabu la form four linaangaliwa pia kwenye kozi za biashara na uchumi, hata kama halikuingia kwenye divisheni kwa kuwa yanachukuliwa masomo saba bora.

Ami_Mbweni: Kurisiti (kurudia mtihani): PC (mtahiniwa wa kujitegemea) anaweza kurudia hata somo moja, ila hana alama za skuli za kumbeba, mtihani ndio kila kitu. Njia nyengine ni diploma, digrii inataka GPA (wastani wa madaraja ya diploma) 3.0. Hapo wengi wanakosea kugawa. Kila daraja huzidishwa kwa krediti (uzito wa somo) kwanza: somo la krediti 12 lenye B (3) na la krediti 6 lenye A (5) ni 36+30, gawa kwa 18, inatoka 3.6 na ushei. Si 4. Kwa hiyo komaa na masomo yenye krediti nyingi.

Bi_Mchangamdogo: Ahsanteni. Na BAM (Hesabu ya ziada ya form six)?

Bint_Tunguu: Haiingii kwenye divisheni. Lakini baadhi ya kozi za uchumi zinaiuliza kwa asiyesoma Hesabu form six, kwa hiyo usiiache.