Msanifu kurasa naomba ushauri: vichwa vya habari tisa usoni au kimoja? Gazeti letu linakata roho

Karani wa Usiku

Wakuu, habari za usiku.

Mimi ni msanifu kurasa, mwaka wa 11 sasa kwenye gazeti moja la kila siku la Kiswahili hapa Dar. Jina lake nalihifadhi, bado ndipo ninapokula. Tulikuwa wasanifu wanne, tumebaki wawili. Gazeti lilikuwa kurasa 24, kuanzia mwezi ujao ni 16. Mshahara unakuja kwa mafungu kama marejesho ya kikoba.

Wiki iliyopita bosi kaniita ofisini. Kasema, "Nitengenezee sura mpya, mauzo yapande." Kanipa wiki tatu. Sura mpya, kana kwamba tatizo ni poda na wanja.

Ugomvi uko kwenye ukurasa wa mbele. Watu wa mauzo wanataka vichwa tisa usoni. Hoja yao ni kwamba mteja akisimama mezani, ukimkosa kwa siasa utampata kwa Simba na Yanga, ukimkosa hapo utampata kwa mganga aliyekamatwa akiwa na fisi. Mimi naona huo ndio ugonjwa wenyewe. Saa 12 asubuhi picha ya ukurasa wetu imeshazunguka magrupu yote ya WhatsApp. Redio zinasoma vichwa hewani mpaka vijimaelezo vya chini. Pita kituo chochote cha daladala, utakuta watu wanane wameinama mbele ya meza, mikono nyuma kama wanakagua gwaride, wanasoma usoni kote halafu wanapanda gari. Mtu keshashiba, anunue ya nini?

Ninachotaka mimi ni picha moja kubwa, kichwa kimoja kizito, na vidokezo viwili vya kumfanya afungue ndani. Wenzangu wameniambia hayo ni mambo ya Ulaya.

La pili ni kurasa za ndani. Tunatumia safu tano, na programu inakata maneno ya Kiswahili kama ya Kiingereza. Jana tumetoka na "wanan-chi" na "serik-ali" kwenye habari moja. Msomaji kapiga simu kuuliza kama tumeajiri Wazungu.

La tatu, kaka yangu ana duka la uchapaji Kariakoo, kadi za harusi, fulana na mabango. Ananiita kila siku. Niende, au nimalize kwanza hii kazi? Naombeni mawazo, hasa waliowahi kukaa chumba cha habari au mtamboni.

Tozo Tele

Kumbe bado yapo? Mimi nayaona kwa mama muuza vitumbua tu.

Hamahama

Hama mkuu. Watu wataoa mpaka kiama, kadi zitachapwa. Gazeti ni mgonjwa ambaye ndugu wameshaanza kuchangishana nauli za mazishi.

Kibanda cha Kona

Mimi ndiye mwenye hiyo meza mnayoisema, mwaka wa 14 niko kituoni. Naomba niseme jambo ambalo nyinyi wa ofisini hamlijui kwa sababu hamjawahi kusimama upande wangu.

Kwanza, hao wanaoinama msiwatukane. Anayesoma bure Jumatatu, Alhamisi akiona jina la mtaa wake ananunua. Nawajua kwa sura. Kuna mzee mmoja anainama wiki nzima, ila Jumamosi hakosi kununua mawili.

Pili, meza yangu ina upana wa mlango. Magazeti ni mengi. Siwezi kulitandaza lako lote, nayapandanisha kama vigae. Kinachoonekana ni robo ya juu tu, yaani jina la gazeti na kipande kidogo chini yake. Hivyo vichwa tisa, sita vimelaliwa na jirani. Na hiyo picha yako kubwa nayo italaliwa. Mnagombania uwanja ambao mimi siwapi.

Tatu, linalofika saa 11 alfajiri ndilo linalokaa mbele. Yapo yanayoletwa saa 2 watu wameshaingia makazini, halafu jioni mnakuja kuchukua marejesho, yale yasiyouzwa, mnashangaa kwa nini rundo ni lile lile.

Zamani yakitoka majina ya waliochaguliwa kidato cha kwanza au walioitwa kwenye usaili nilikuwa namaliza kabla ya saa 2. Siku hizi majina yote yako kwenye simu. Hilo halirudi hata mkichora usoni malaika.

Karani wa Usiku

Mkuu Kibanda, hapo kwenye vigae umenipiga ngumi. Miaka 11 nachora ukurasa mzima, na kwenye kompyuta unauona mzima. Sijawahi kufikiria unavyolala mezani kwako.

Mzee wa Pleti

Mwanangu, mimi nimestaafu mtamboni. Nilianza enzi za kukata na kubandika: habari inatoka kwenye karatasi ndefu, tunaikata kwa wembe na kuigandisha kwenye ukurasa. Neno moja likikosewa unakwangua herufi kwa ncha ya wembe saa 6 usiku. Baadaye ikaja PageMaker, programu ya kupanga kurasa kwenye kompyuta, tukaona dunia imeisha. Kwa hiyo sikushangai, ila nina mambo ya kukusaidia ambayo hayahitaji hela ya bosi.

Kurasa 16 za gazeti kama lenu ni karatasi nne zilizopandanishwa na kukunjwa. Ukurasa wa 1 na wa 16 wanalala upande mmoja wa karatasi ya nje, wa 8 na wa 9 wanalala pamoja katikati. Kila ukurasa wa rangi unakula pleti nne, yaani bati za kuchapia, moja kwa kila rangi ya wino; mweusi unakula moja. Kama mna rangi chache, ziweke hapo na usihangaike kwingine. Kurasa za 8 na 9 ni karatasi moja isiyokatika, ndiyo sehemu pekee ambapo picha inaweza kuvuka kutoka kushoto kwenda kulia bila kuvunjika shingo. Wengi wanaipoteza kwa kuweka habari za mikoani zilizobaki.

Sasa picha. Karatasi ya gazeti ni nyepesi, gramu 45 kwa mita ya mraba, na inanyonya wino. Vidoti vinatanuka, kila kitu kinatoka cheusi kuliko ulivyokiona kwenye kioo. Ndiyo maana mkulima wa Singida anatoka kama kivuli, anabaki meno tu. Inua rangi za kati za uso kabla ya kupeleka, mpaka kwenye kioo uone imezidi weupe, ndiyo itatoka sawa. Na jumla ya wino wa rangi zote nne isipite asilimia 240, la sivyo ukurasa wa pili unasomeka kwenye wa kwanza na msomaji anaondoka na habari viganjani.

Maandishi meupe madogo juu ya rangi nne acha. Pleti moja ikihama unene wa uzi, herufi zinakuwa na mizimu. Na herufi za habari ziwe nyeusi tupu, si nyeusi iliyochanganywa rangi nne. Nimerudisha kurasa za wasanifu wengi kwa kosa hilo, na bado kesho yake walirudia.

Fundi Herufi

Nachangia hilo la "serik-ali". Kwenye InDesign, hiyo programu ya kupangia kurasa, maandishi yako yamewekwa lugha ya Kiingereza, ndiyo maana yanakatwa kwa sheria za Kiingereza. Kiswahili silabi inaishia na irabu: wa-na-nchi, se-ri-ka-li. Kama huna kamusi ya kukata ya Kiswahili, weka chaguo la kutokuwa na lugha kwenye mtindo wa aya, itaacha kukata kabisa. Neno sugu likilazimisha, likate mwenyewe kwa kistari cha hiari, ambacho hupotea mstari ukihama.

Ila ukizima kukata huku umebakisha safu tano zilizonyooshwa pande zote, utapata mashimo. Safu ya sentimita 5 na neno kama "watakaowajibishwa" haviendani, mstari unabaki na maneno mawili yaliyonuniana. Nenda safu nne. Utapata kama sentimita 6 na ushee, inatosha. Au acha upande wa kulia usinyooke.

Na vichwa, chagua fonti iliyobanwa kwa upana. Fonti nyingi tunazozikopa zilichorwa kwa lugha yenye maneno mafupi. Times New Roman yenyewe ilitengenezwa kwa ajili ya gazeti la The Times la London, likaanza kuitumia mwaka 1932. Wao wana neno la herufi nne, sisi tuna "wamemfikishia". Ukiweka fonti pana, kichwa chako kitaishia na maneno matatu na hakijasema kitu. Ndiyo maana magazeti yetu yamejaa "KIMENUKA" na "PATACHIMBIKA". Si umbea tu, ni nafasi!

Karani wa Usiku

Hahaha, hapo umetutetea. Mhariri wangu anapenda "VIGOGO WATIKISWA", nadhani limekaa kwenye kompyuta yangu kama kiolezo.

Naongeza kilio kimoja. Waandishi wa mikoani wananitumia picha kwa WhatsApp, inafika imekamuliwa, haifai hata kwa safu mbili. Halafu nataka picha moja kubwa. Nimewaambia watume kama faili, si kama picha. Wawili wametii. Mmoja ameniambia bando lake halitoshi na malipo ya habari ya miezi minne iliyopita hajalipwa, nikakosa cha kumjibu.

Bint Makame

Kaka Karani, mimi nimefanya kazi upande wa matangazo. Nikuombe usibebe mzigo usio wako. Mwaka 2003 gazeti la The Independent la Uingereza lilipunguza saizi ya ukurasa, likasifiwa sana, mwaka uliofuata The Times likaacha ukurasa mpana nalo. The Guardian limebadilisha saizi mara mbili, 2005 na 2018, na ile ya pili ilikuwa ya kubana matumizi. The Independent lenyewe liliacha kuchapwa Machi 2016, limebaki mtandaoni. Wasanifu wao walikuwa hodari kuliko wengi wetu na hawakuweza kuzuia. Hapa kwetu hali ilifika mahali mwaka 2023 serikali ikaunda kamati chini ya mwanahabari mkongwe Tido Mhando kutathmini uchumi wa vyombo vya habari. Kwa hiyo bosi akisema mauzo yapande kwa sababu ya fonti, mwambie kwa adabu kwamba wewe ni fundi cherehani, si daktari.

Kazi ifanye, lakini ifanye iwe yako. Piga picha kila hatua, kabla na baada. Ukienda Kariakoo au kwingine, huo ndio wasifu wako.

Mwalimu wa Tunduru

Naomba nami nisikike, maana mnaongea kana kwamba wasomaji wote wako Ubungo. Huku gazeti linanifikia alasiri, siku nyingine kesho yake. Usoni limeandikwa kwa wino mwekundu habari niliyoisikia redioni jana usiku nikila ugali. Mechi ya usiku ndiyo haimo kabisa, maana mlishafunga kurasa za mikoani mapema.

Bado nanunua, kwa sababu nafundishia. Makala ya kurasa za kati nayakata, wanafunzi wanafanya ufupisho. Lakini hayo makala usoni hamyataji, au mnayataja kwa herufi za ukubwa wa sisimizi chini ya tangazo la bia. Mimi ningeona usoni "Kwa nini gesi imepanda Tunduru kuliko Songea, uk. 8" ningekimbia. Kilichotokea jana nakijua, nataka kujua kwa nini.

Kibanda cha Kona

Mwalimu kasema. Swali linauza. "Kwa nini" inauza kuliko "kimenuka", labda kinuke kweli.

Karani wa Usiku

Wakuu, nimerudi na mrejesho.

Jumamosi nilichapa kurasa za mfano mbili kwenye karatasi za A3, zinakaribiana na saizi yetu. Moja yangu yenye picha kubwa, ya pili ya mauzo yenye vichwa tisa. Nikaenda kwa muuza magazeti wa mtaani kwetu, nikamwomba azipange kama anavyopanga siku zote.

Yangu ilionekana jina la gazeti na paji la uso la waziri. Paji tu, kuanzia nyusi kwenda juu. Muuzaji kacheka mpaka kakaa. Ile ya mauzo ilionekana vichwa viwili na nusu ya cha tatu, "...AFUMANIWA NA".

Nikarudi nyumbani, Jumapili nikaja na ya tatu: juu kabisa, kabla hata ya jina la gazeti, mstari mmoja wenye swali kuhusu bei ya gesi na namba ya ukurasa. Chini ya jina kichwa kimoja. Picha nimeishusha, anayeifikia ni aliyelishika gazeti mkononi. Nilikaa pale saa mbili. Watatu waliuliza kuhusu gesi. Mmoja akatoa elfu moja kabisa, nikamwambia ni la majaribio, akanuna na kuondoka bila kuaga.

Safu nne nimeshaweka, na "wananchi" sasa wanatembea pamoja. Kariakoo nimemwambia kaka anipe mpaka mwisho wa mwezi.

Leo asubuhi nimempelekea bosi. Kaipenda. Kaiangalia muda mrefu, kaikunja, kaikunjua. Halafu kasema ile sehemu ya juu kabisa ya ukurasa imeshauzwa tangu Ijumaa, kuna kampuni imechukua ukanda wote kwa tangazo, mwaka mzima.

Mzee wa Pleti

Wamelipa taslimu?

Karani wa Usiku

Mkopo, Mzee wangu. Siku 90.