Laptopu imekuwa bubu baada ya apdeti, naomba ushauri

Assalaam alaykum ndugu zangu, mie niko Wete, naomba anaejua anisaidie. Alhamisi usiku laptopu iliomba apdeti nikaiachia, asubuhi nawasha haitoi sauti hata ya mbu. Alama ya sauti inapanda na kushuka kama kawaida lakini kimya, hedifoni za waya nazo kimya, ila nikiunga spika ya Bluetooth inalia vizuri kabisa, ndo maana siamini kama spika za ndani zimekufa. Fundi mmoja huku kashanambia tuzibadilishe, kwa bei alonitajia wallahi bora ninunue redio.

Nimeizima na kuiwasha mara sijui ngapi, nimefuta draiva ya sauti, yaani ile programu ndogo inayoendesha sauti, ijirudishe wenyewe, hola. Juzi nikashusha draiva ya zamani kwenye saiti ya walotengeneza laptopu, sauti ikarudi, nikajua yameisha, kumbe usiku ikajiapdeti tena kimya kimya ikaweka ile ile mbovu. Na bando ndo limekwenda hivyo.

Sasa masuali yangu mawili. Vipi naizuia draiva ya sauti peke yake isijiapdeti, bila ya kuzima apdeti zote, maana zile za usalama nazitaka? Na nikiitoa hii apdeti nzima, mafaili yangu yatabaki? Mna kazi za wanafunzi wangu wa skuli humo na sina pa kuzihamishia, flashi yangu ya GB 8 tu na ishajaa. Ahsanteni.