Kaka mkubwa anauza shamba la marehemu baba, nifanyeje?

Ndugu zangu, naomba ushauri. Baba alituacha 2019 na ekari 3 huku Njoro, Kenya, hatimiliki bado ina jina lake. Tuko watano. Kifungua mimba ameshapigilia vigingi vya mnunuzi katikati ya mahindi yangu, kimoja hatua chache tu kutoka kaburini, eti msichana aliyeolewa hana chake. Najua Sheria ya Urithi, Sura 160, haibagui binti. Lakini chifu anataka tufike wote ndipo aandike barua ya kupeleka kortini, na huyo haji. Mama hataki kesi, analia tu. Je, naweza kuweka zuio kwa ofisi ya ardhi kabla ya kufungua mirathi? Nijibuni haraka, mnunuzi ameshaleta mawe.