Ndege membe wa hori ya Tudor, Mombasa: taarifa ipelekwe wapi, na mahali pitajwe kwa kiasi gani?

Mkaazi wa Mishomoroni
Ndugu wapenzi wa ndege, asalaam aleikum. Asubuhi za bamvua, yaani siku maji yanapojaa na kupwa sana, maji yanapopwa na matope kubaki wazi mbele ya mikoko ya upande wetu wa hori, huu mkono wa bahari uingiao nchi kavu, huja kundi la ndege weupe wenye mgongo mweusi, miguu mirefu ya rangi ya kijivu na mdomo mweusi mnene ajabu. Hukimbia hatua chache, husimama ghafla, kisha humdaka kaa. Mmoja wao, aliye wa kijivu, humfuata mkubwa huku akilialia. Je, ni ndege gani? Na nikitaka kuwaarifu wenzangu, nitaje mahali penyewe hasa, ilhali hapa mtaani kuna vijana wenye manati?

Bin Kisiwani
Wa aleikum salaam. Hao ni membe (Dromas ardeola), na maelezo yako ya mdomo yanatosha kuondoa shaka, kwa kuwa hakuna ndege mwingine wa pwani yetu mwenye umbo hilo. Yule wa kijivu ni kinda wa msimu huu. Membe hutaga kwenye mashimo wanayochimba mchangani katika pwani za Uarabuni na Ghuba, kisha huja kwetu na watoto wao, ambao huendelea kuomba chakula hata baada ya safari yote hiyo, jambo ambalo ni nadra kwa ndege wa jamii ya vitwitwi. Makundi makubwa zaidi huonekana Mida, karibu na Watamu.

Mama Darubini, Nyali
Taarifa zako zipeleke kwenye Ramani ya Ndege ya Kenya (Kenya Bird Map), ambayo imeigawa nchi katika miraba yenye upana wa takriban kilomita 9. Orodha kamili huhitaji angalau saa mbili za kutazama, na unaweza kuendelea kuiongeza hadi siku tano, ukiwaandika ndege kwa mpangilio ulivyowaona. Nakusihi uwaandike wote, hata kunguru wa Bara Hindi wanaotukera mji mzima, kwa sababu orodha iliyobeba membe peke yake haimwambii mtafiti lolote kuhusu hori yenyewe. Andika pia kama maji yalikuwa yakipwa au yakijaa. Wengi wetu hulisahau hili, nalo ndilo linaloeleza kwa nini leo umeona ndege wengi na kesho huoni hata mmoja.

Kuhusu mahali, sioni haja ya kuficha. Mraba ni mpana, na hori isiyo na kumbukumbu yoyote haina mtetezi siku watu watakapotaka kuifukia.

Bin Kisiwani
Mama, kwenye ramani nakubaliana nawe. Ila katika makundi ya simu, ambako picha husambaa kabla ya mtu kumeza mate, mimi hutaja hori tu, wala sitaji kamwe mahali ndege wanapojikusanya maji yakijaa. Wakati huo hubanwa kwenye kipande kidogo cha mchanga, na wakifurushwa mara kwa mara hupoteza nguvu wanazozihitaji kwa safari ya kurudi kaskazini. Viota vya ndege wengine navyo visitajwe kabisa. Jambo jingine, usielekeze darubini upande wa bandari au kivuko cha Likoni, maana askari watakuhoji, na kitabu cha ndege hakitakusaidia sana.

Mkaazi wa Mishomoroni
Ahsanteni. Je, nikiwahesabu peke yangu hesabu itafaa?

Mama Darubini, Nyali
Itafaa, lakini ndege hao huweza kuvuka hori kadiri maji yanavyopanda, na mtu wa Mikindani akiwahesabu saa moja baadaye tutakuwa tumewahesabu mara mbili. Bamvua ijayo mimi nitasimama upande wa Tudor, wewe simama kwako, na tuhesabu kwa pamoja saa nne kamili asubuhi. Atakayeweza kusimama Mikindani ajitaje hapa.